Simu ya Mwoshaji

Aliyemwona Mwoshaji akipinda kona ya kichochoro chetu asubuhi alianza kwa kuwapitia moyoni wagonjwa wa ukoo wake. Shangazi jana alikuwa vipi? Na yule wa Fumba? Halafu Mwoshaji angetokea na kikapu cha ndizi mbichi, anakwenda zake nyumbani kupika, na mtu akashusha pumzi na kumwamkia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo Bi Mwoshaji!"

"Marahaba. Leo salama, nnakwenda kupika."

Alijibu hivyo kwa sababu alijua swali lililokuwa ndani ya shikamoo ile.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Kutoka Malindi mpaka Mkunazini nyumba nyingi zilikuwa na namba yake, imeandikwa kwa penseli ukutani nyuma ya mlango, au imewekwa kwenye simu kwa jina la uongo, maana hakuna aliyetaka kukutana na jina lile kila anapomtafuta fundi cherehani. Mimi nilimweka kama "Bi M".

Sitaeleza kwao wala wazee wake. Nitaeleza nilichokiona mwenyewe, utotoni na tena miaka hii tangu nirudi. Na nilirudi vizuri. Niliondoka Unguja kwenda Maskati kupiga deki ofisi za watu, nikarudi na diploma ya kompyuta niliyoisomea jioni baada ya kazi, bila ya mjomba wala mfadhili. Leo hoteli mbili za Nungwi zinapokea wageni kwa mfumo nilioutengeneza mimi, na wazungu wanaouliza aliyeutengeneza huonyeshwa mwanamke wa Mji Mkongwe aliyevaa baibui. Nayasema haya ili msomaji ajue nani alifanya nini. Kuna jambo nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa miezi minane lilikaa kwenye jina la Mwoshaji. Ndilo lililonitoa usingizi, na ndilo linaloniandikisha.

Mtu angedhani mwanamke wa kazi ile atakuwa mkimya, mwenye uso wa makaburini. Wapi! Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipaka wanja kila siku, hata siku asizotoka. Alitengeneza udi wa kufukiza, ule wa kupikwa kwa sukari, na harufu yake ilitangulia mbele yake nusu kichochoro. Mikono iliyogeuza mamia ya maiti ilikuwa ikimtetemeka kwa mjusi. Siku moja nilimkuta amesimama juu ya kiti jikoni, kanga ameikusanya magotini, ananiita.

"Diploma! Njoo, yuko nyuma ya friji!"

Diploma ndiyo mimi. Alinipachika jina hilo wiki niliyorudi, na mtaa ukalichukua.

"Bi Mwoshaji, mjusi atakufanya nini?"

"Huyu anatembea, mwanangu. Wale wangu wametulia."

Alikuwa na sheria zake. Alichokiona kwenye kuosha hakukisema, hata aulizwe na mtoto wa marehemu. Hakukubali mtu alie ndani ya chumba wakati wa kazi: "Nenda kalie ukumbini, humu tunamsitiri mtu." Na hakwenda kumtazama mgonjwa. Hili lilimuuma. Mama yake Salma, yule binti mshoni wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa rafiki yake tangu wote wawili hawajaolewa, na alipolazwa kitandani miezi kadhaa, Mwoshaji hakutia mguu mlangoni. Alipika uji wa pilipili manga, akautuma, kisha akasimama upande wa pili wa kichochoro kusikiliza kama sufuria imerudi tupu.

"Nikiingia mimi," aliniambia, "atadhani nimekuja kupima."

Tabia yake ya simu niliijua vizuri kwa sababu dirisha langu linatazamana na lake. Simu ikiita, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa moja daima: "Simu hii ya nani?" Hakuuliza nani amekufa, wala wapi. Akijibiwa, mara nyengine aliendelea kwa sauti ya chini na kuuliza mtaa. Mara nyengine aligeuza maneno ghafla: "Haya, udi wako uko tayari, ntakuletea mwenyewe. Nyumba ipi vile?" Mimi niliyekaa dirishani na laptop yangu nilidhani ni umbea wa kizee, kutaka kujua nani kaazima simu ya nani. Watu wetu wanaazimana simu kama wanavyoazimana chumvi. Huyu hana salio, yule hana chaji, mwengine simu yake iko kwa fundi. Sikuona kwa nini hilo limhusu mwosha maiti.

Kisha masikio yake yakaanza kuondoka, naye akaficha. Sisi tulilijua jambo hilo kwa televisheni. Alikuwa mpenzi wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na kila mwezi sauti ilipanda, mpaka kichochoro kizima kikawa kinafuata hadithi bila ya kuiangalia. Mwanamke mmoja alikuwa akipika kwa dirisha wazi akapiga kelele, "Usiolewe na huyo, ana mke Istanbuli!" na Mwoshaji, aliye mita mbili kutoka kwake, hakusikia kelele ile.

Ikatokea asubuhi ya Malindi. Nyumba moja ilifiwa alfajiri, wakampigia simu. Walipiga tena na tena, kisha wakamtuma mtu kwa miguu, akagonga mlango mpaka akaugonga kwa jiwe. Maziko yaliyokuwa yawe adhuhuri yalisogea mpaka alasiri, na kwetu kila mtu anajua uzito wa kumchelewesha marehemu. Aliporudi kutoka huko nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, wanja umemtiririka.

"Imeita mara kumi na moja, Diploma. Kumi na moja! Na mimi nimekaa nnacheka na Waturuki."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimwambia asilie, hilo ni jambo dogo kwa mtu aliyesoma. Na kweli lilikuwa dogo. Kwa wiki tatu nilitengeneza programu ya mtandaoni ambayo sijaona mfano wake Unguja hii. Mtu akiipiga namba ya Mwoshaji, simu inaita mara nne. Isipopokewa, mtambo unaichukua ile namba iliyopiga na papo hapo unairudishia ujumbe. Ujumbe unamwambia ajibu kwa kuandika nyumba na mtaa. Jibu lake linatokea kwa herufi kubwa kwenye tableti niliyoibandika juu ya friji ya Mwoshaji, na ukurasa wote unawaka rangi ya machungwa mpaka auguse. Hauhitaji sikio. Hata mtu asiye na salio akibipu tu, anajibiwa.

Maneno ya ujumbe niliyatunga mwenyewe na niliyaona mazuri: "Poleni sana kwa msiba. Simu yenu imeonekana, Mwoshaji atakuja. Tafadhali andikeni jina la nyumba na mtaa." Nikampa asome. Alivaa miwani, akasoma polepole, akanyanyua macho.

"Mbona haujauliza simu ya nani?"

"Mtambo hauhitaji kujua, Bi Mwoshaji. Unairudia namba yoyote iliyopiga."

"Hata kama ya kuazima?"

"Hata ya kuazima. Ndiyo uzuri wake."

Alinitazama kidogo, kisha akavua miwani. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko aya yoyote ya kwenye diploma yangu.

Mwezi wa kwanza ulikwenda kwa kuchekesha. Bwana mmoja wa Kizimkazi alipiga kuagiza udi wa harusi ya binti yake. Ikaita mara nne, akakata, na akiwa bado ameshika simu akapokea: Poleni sana kwa msiba. Yule bwana alimpigia kila jamaa aliyemjua mpaka Makunduchi, kuuliza nani. Mkewe akaanza kulia kabla hajaambiwa analia kwa nani. Alipokuja mjini kuuchukua udi wake alisimama mlangoni kwa Mwoshaji akiwa bado amekasirika.

"Bibi we, mimi nimekuja kwa harusi!"

"Nsamehe mwanangu, simu yangu ina haraka."

Kichochoro kilicheka siku mbili. Mimi nilicheka nao. Nikatafuta laini nyengine kwa ajili ya udi, nikaibandika namba yake mlangoni pa Mwoshaji, nikajiambia tatizo limekwisha. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa: kosa likitokea, tafuta chanzo, kitenge. Nilikitenga kisichokuwa chanzo.

Mama yake Salma alifariki asubuhi ya Jumatano, nyumbani kwa mwanawe wa kiume Kikwajuni, alikohamishiwa wiki za mwisho. Salma alikuwa kwake, anamalizia gauni la mteja. Kwetu mtu hapewi habari kama hiyo mlangoni, sembuse kwenye simu. Huambiwa mgonjwa anakutaka, hufuatwa, huletwa mpaka katikati ya wanawake waliokwisha kukaa tayari kumpokea, na hapo mtu mmoja mwenye haki ya kusema ndiye anayesema. Binamu yake ndiye aliyetumwa kumfuata. Alifika akiwa amejikaza, akasema mama anakuita, vaa twende. Salma akaingia ndani kuvaa. Binamu akakumbuka kuwa kaambiwa pia amwite Mwoshaji, na simu yake imekwisha chaji. Akamwambia Salma, kwa utulivu kabisa, "Niazime simu nimbipu mtu." Akatoka nayo kizingitini. Ikaita mara nne. Haikupokewa. Akairudisha.

Mtandao ulisuasua asubuhi ile, na walikuwa wamefika Darajani, katikati ya watu na mafungu ya ndimu, simu ilipolia mkononi mwa Salma. Akaisoma akitembea.

Sikuwapo. Nilisimuliwa na muuza ndimu, ambaye mpaka leo akisimulia hushika kichwa. Anasema Salma hakupiga ukelele. Alikaa chini pale pale njiani, akawa anamwonyesha simu kila anayepita, kama mtu aliyepotea anavyoonyesha karatasi ya anuani, anauliza, "Hii ni yangu? Hii imekuja kwangu?"

Nilipolisikia hilo ndipo nilipoelewa swali la Mwoshaji. Miaka yote ile alipouliza simu hii ya nani, alikuwa anauliza nani amesimama karibu, nani atakayeishika simu hii baada ya kukatwa, nani hajaambiwa bado. Udi ulikuwa pazia. Mimi niliyekaa dirishani nimeyasikia yote, niliandika kila kitu kwenye mtambo isipokuwa hilo moja, kwa sababu niliona halina maana.

Siku ya tatu ya msiba tulikuwa tumekaa ukumbini kwa Salma baada ya khitma. Mwoshaji aliingia. Alikuwa amemwosha rafiki yake mwenyewe Jumatano ile, na uso wake ulikuwa umeshuka. Salma akamnyooshea simu usoni ili asilazimike kusikia.

"Bi Mwoshaji, nani aliyenletea hii?"

Mimi nilikuwa nimekaa baina ya mashoga zangu wawili, sahani ya tende mapajani. Mwoshaji alisoma, ingawa aliyajua maneno. Hakugeuza macho upande wangu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua.

"Imetoka kwenye namba yangu," akasema. "Basi ni mimi. Nsamehe mwanangu."

Nilimenya tende. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya meneja wa hoteli, nilikaa namenya tende moja mpaka ikabaki kokwa, nikaendelea kuimenya kokwa.

Mchana ule ule niliifuta ile pole kwenye ujumbe. Nikaacha maneno matatu tu: "Simu yako imeonekana." Lakini simu zenyewe hazikuja. Watu walianza kusema namba ya Mwoshaji ina kisirani, ukiipiga inakwenda kuzungumza na asiyehusika. Wakamwita mwanamke mwengine kutoka Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Mimi nilikuwa nnauona ukurasa wake kutoka kwangu. Wiki ilipita haujawaka. Ya pili ikapita. Dirishani nilimwona akipangusa tableti kwa ncha ya kanga, kisha anakaa mbele yake kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Na mimi nilianza kuishi vibaya. Simu yangu ikilia nilishtuka mpaka nikamwaga chai. Hotelini Nungwi mgeni alilalamika kuwa amepokea ujumbe wa kukaribishwa kabla hajafika, nami nikaukagua mfumo mzima mstari kwa mstari. Salma nilikuwa nikimkwepa. Lakini vichochoro vyetu havina nafasi ya kumkwepa mtu, bega linagusa bega, kwa hiyo nilipomwona anakuja nilibandika simu sikioni na kuzungumza na mtu asiyekuwepo, nikampungia mkono kama mwenye shughuli kubwa. Naye alisimama kidogo, kisha akapita. Kila mara nilijiuliza kama anajua, na kila mara nilijijibu kuwa angejua angesema. Nilifikiri kumwandikia ujumbe. Niliuandika na kuufuta mara nyingi, kisha nikajiona nilivyo: nataka kumtumia Salma meseji nyengine.

Mwezi uliopita Mwoshaji aliniita. Miguu ilikuwa imemvimba na alikuwa hashuki kitandani tena. Chumba kilinukia udi, na wanja alikuwa ameupaka. Nilipomwamkia alicheka.

"Karibu, Diploma. Sasa mimi ndiye mgonjwa, na hakuna wa kunitisha. Kaa hapa, nikuone mdomo."

Nikakaa. Alinishika mkono, akaugeuza, akaubonyeza kiganja kama anayechagua embe sokoni.

"Nshachagua watakaoniosha. Wawili. Wewe mmoja."

"Mimi? Sijawahi hata kuingia chumba hicho, Bi Mwoshaji."

"Utafunzwa. Una mikono yenye nguvu. Hiyo diploma utaiacha kabatini siku hiyo. Wa pili Salma, ana mkono mwepesi. Nshamwambia, kakubali."

Nikatazama sakafu. Akanigonga gotini.

"Usiiname, sikuoni. Umeshamwambia?"

"Bado," nikasema.

"Eh?"

"Bado!"

"Sema, mwanangu, sikusikii."

"SIJAMWAMBIA!"

Sauti ilitoka dirishani. Nje, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ikaacha kusuguliwa. Ukiwa na siri na kiziwi katika Mji Mkongwe, huna siri. Nilihisi joto la uso mpaka masikioni, na Mwoshaji akanisubiri nitulie.

"Mimi sikulichukua lile nilibebe milele," akasema. "Nililichukua siku ile kwa sababu nyumba ilikuwa na msiba, haikuwa pahala pa ugomvi. Nkadhani utalifuata kesho yake. Miezi minane, Diploma!"

"Nliogopa."

"Naona. Sasa nisikilize kazi. Maiti hugeuzwa na watu wawili. Mmoja anashika bega, mmoja anashika nyonga, na lazima waambizane: haya, sasa, taratibu. Nyinyi mnapishana njiani kama paka na paka. Mtaniangusha."

Nikamwitikia kwa kichwa.

"Ntamwambia."

"Lini?"

"Nikitoka hapa."

"Basi toka," akasema, akaukung'uta mkono wangu.

Kutoka mlango wa Mwoshaji mpaka wa Salma ni hatua arubaini. Nilizihesabu, na kichwani nilizipanga sababu zangu: kwamba nilikuwa na nia njema, kwamba mtambo ulifanya kama ulivyoagizwa, kwamba binamu angeweza kutumia simu nyengine. Hatua ya thelathini sababu zote ziliniishia. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, na cherehani ilikuwa ikizunguka ndani.

"Hodi."

Cherehani ikasimama. Salma akaja mpaka kizingitini, sindano mbili zimechomekwa kifuani, akanitazama bila ya kusema karibu.

"Ile meseji ya siku ya mama," nikasema. "Si ya Mwoshaji. Ni mimi niliyeiandika, kila neno. Yeye aliniuliza swali ambalo lingekuokoa wewe, nami nikampuuza. Kisha nikakaa hapa ukumbini kwako nikamwacha aombe radhi."

Nyuma yake niliona vitambaa vimekunjwa juu ya meza, na kiti cha mama yake kikiwa pale pale kilipokuwa siku zote.

"Najua," akasema.

"Kakwambia Mwoshaji?"

"Mwoshaji hajasema kitu. Kwani mtaa huu una fundi mwengine wa mambo hayo?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na hasira ya miezi minane ndani yake. "Kila nikikutana nawe nilisimama. Hukuona? Nilikuwa nnakupa nafasi. Wewe ukaweka simu sikioni."

Nikaizima simu yangu.

Salma akachomoa sindano moja kifuani, akaichomeka tena pale pale. Macho yake yalikuwa yamejaa, hayakumwagika. Akausukuma mlango kwa kiwiko, ukafunguka wote.

"Vua viatu," akasema.